Tazameni Waliosimama Nyuma

Sikizeni, wanangu. Bismillahi. Kaeni kitako nyote, na wewe Alfani usinisimamie hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi, njoo ukae karibu na dada zako, maana sauti yangu haifiki mbali tena na mtungi huu wa hewa unapiga kelele kunishinda. Esha, nipandishie mto kidogo. Hivyo, Mungu akubariki. Fauzia, mama, weka begi lako chini. Najua begi hilo ni la safari, najua gari lililosimama pale uani ni la mjomba wenu Garama, na najua kwamba kesho asubuhi mnataka kumpeleka huyu Fauzia Taru, kwao marehemu mama yenu, akaoshwe kabla hajajifungua. Hakuna aliyeniambia. Yaliyokauka ni mapafu, masikio yangu bado mazima. Garama yuko hapo barazani anakunywa kahawa yangu, dirisha li wazi, kwa hivyo anasikia kila neno ninalosema. Na asikie.

Nimewaita kwa ajili ya wosia, na mtu akisikia wosia wa mzee hufikiri nyumba na minazi. Nyumba na minazi mtagawana kwa sharia. Kadhi yuko, mafungu yalishapangwa na Mwenyezi Mungu kabla yenu hamjazaliwa, na mimi sina ruhusa ya kumwongezea mrithi wangu hata kigae kimoja. Ninachowausia ni kile ambacho sharia haikukigawa, nacho ni filamu. Cheka, Esha, cheka tu, nimekuona. Wenzangu msikitini walisema umri wangu umeishia gizani nikikodolea macho kioo, wakwe zangu wakasema zaidi ya hapo, na sasa ninakata roho na bado ninazungumza filamu. Ndiyo. Mngezaliwa na fundi mwashi leo mngeusiwa mwiko na timazi. Mmezaliwa na mwenye banda la video, basi vumilieni.

Alfani, wewe unalikumbuka lile banda letu la Msambweni, makuti juu, magunia madirishani ili mwanga usiingie, jenereta nyuma ikitoa moshi hadi wanaokaa mabenchi ya mwisho wanatoka wakinuka dizeli. Kanda zilitujia bila majalada, zimenakiliwa kutoka kwa nakala, na lugha zake hatukuzijua, kwa hivyo majina tulizipa wenyewe na maneno nikayaeleza mimi, nimesimama kando ya televisheni na kijiti mkononi. Nilieleza kila kitu isipokuwa mwisho. Mtu alinishika kanzu, akanibembeleza, akaniahidi samaki, Bwana tuambie je, atapona? Nikamwambia kaa utazame. Simwambii mtu mwisho wa filamu. Hiyo ndiyo sheria niliyoishika maisha yangu yote bila kuivunja, na mama yenu alinicheka kwa sababu yake.

Sasa shikeni hili kwanza, kabla sijawatajia zenyewe. Mkitazama filamu msimtazame steringi. Steringi analipwa atazamwe, taa zote zinammulika yeye, hata akikuna pua mtaona. Tazameni waliosimama nyuma. Tazameni yule mwanamke anayepitisha sinia kwenye harusi, jinsi anavyoonja nyama akidhani hayumo kwenye picha. Mimi nilipata kumwona askari mmoja aliyekufa vitani mara mbili katika filamu ile ile, mara ya pili akiwa amenyoa ndevu, na banda zima hakuna aliyemwona ila mimi na mama yenu. Tulicheka hadi wateja wakatukasirikia, kwa maana steringi alikuwa analia. Watu wa nyuma hawajui kudanganya vizuri, hawakufundishwa, na ndio maana ukweli wa filamu uko kwao.

Kanda zenyewe zimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda hiki. Deki ilikufa zamani, lakini kuna kijana wa Kombani, fundi, alinihamishia zote kwenye flashi, na flashi hiyo Esha anajua ilipo. Nyingi zake ni za kupigana. Hizo tazameni mkila, hazina madhara, mtu anapigwa mateke hadi ukutani na chai yako haipoi. Lakini ziko mbili ambazo nataka mzitazame mkiwa mmeacha kila kitu.

Esha, yako ni ile tuliyoiita Bibi Harusi wa Ghalani. Ni ya kuchekesha. Bibi harusi viatu vinambana, siku ya arusi yake anaingia ghalani kujificha, avue, apumzike kidogo tu. Mara anaingia shangazi mtu kuficha vyombo vya watu, anamkuta. Wanakaa wote wawili. Anaingia mpishi amekimbia sufuria lililoungua. Anaingia bwana harusi mwenyewe. Hadi jioni arusi nzima imo ghalani gizani, watu wamebanana, wananong'onezana siri zao, na nje kwenye mahema amebaki mfungishaji ndoa na mbuzi. Mwisho sikwambii. Nakuusia hiyo kwa sababu tangu ulipoachika hujacheka ukashiba, mwanangu, umeniogesha, umenilisha, umenigeuza kitandani bila kununa hata siku moja, na mimi nimeona bei yake usoni mwako. Usiitazame huku unachambua mchicha. Kaa chini, weka miguu juu ya kitu, mwambie atakayekuita asubiri. Naomba radhi kwa kuwa ndugu zako wamekuachia mzigo wangu peke yako, na Alfani, hilo nimelisema ukiwapo makusudi.

Yako wewe Alfani ni ile iliyowaudhi wateja wangu kuliko zote. Waliiita Aliyefunga Daraja. Nchi ya baridi, mto mpana, daraja la mbao, na mlinzi wake ni mtu mwema sana, mcha Mungu, anawapenda watu wa kijiji kile kama watoto wake. Siku moja anasikia mbao zinalia. Ni upepo, sisi watazamaji tunaona kuwa ni upepo, lakini yeye anaamini daraja litavunjika na watu watakufa maji. Analifunga. Anasimama katikati na mikono ameitanua, hapiti mtu, analia machozi ya kweli. Na wenye haraka, wenye wagonjwa, wakateremka kuzungukia kule chini kwenye maji. Banda zima likawa linauliza, adui yuko wapi? Mbona adui hatokei? Walikaa hadi mwisho wakimsubiri adui, na taa zilipowaka wakataka kurudishiwa kiingilio, wakasema filamu gani hii isiyokuwa na adui. Kila mtu mle ndani anampenda mwenzake, na watu wanakufa. Mimi niliitazama nikaitazama tena, baba, na kila nikiitazama ninamwona Garama.

Tulia. Nimesema tulia, Alfani, sijamtukana mjomba wako. Keti. Mimi nikikohoa ninyi msiinuke, nitapumua, nipeni muda tu. Esha, kile kikombe.

Haya. Ya tatu haimo sandukuni. Ya tatu ni ile ambayo haijatajwa chini ya paa hili tangu Fauzia alipokuwa mtoto wa kubebwa, nami leo naitaja.

Walikuja watu wa filamu kutoka Nairobi, walipanga hoteli Diani na kila asubuhi wakaja hapa Gazi na magari yao na vyombo vyao, kwa sababu walitaka mikoko. Hadithi yao haikuwa nzito. Mtoto mmoja anatumwa kukata boriti, anapotea huko mikokoni, anaporudi anamkuta mama yake amekufa. Mtoto walikuja naye. Mama wa kufa hawakuwa naye, walidhani watampata hapa. Wakaenda nyumba hii, wakaenda ile, na wanawake wa Gazi wote wakakataa. Kuigiza kupepeta mchele, sawa. Kuigiza kugombana na mume, sawa, hata bila kufundishwa. Lakini kulala chini ya shuka jeupe, ufungwe kidevu, watu wakulilie ungali hai, hilo walisema ni kujiitia. Mwongozaji wao, mama mmoja mpole, akakaribia kufunga virago.

Mama yenu Mbodze akamwambia, mimi nitakufa. Alisema hivyo hivyo, ameshika kiuno, mimba ya Fauzia imeshakuwa kubwa na miguu imemvimba. Nikamuuliza, Mbodze, una akili? Akanijibu, mume wangu, hawa wanataka nilale kitandani mchana kutwa, watu wazima wanipepee, nisipike, nisichote maji, nisiongee na mama yako. Nani mwingine amewahi kuniahidi pepo kama hiyo? Ndivyo alivyokuwa. Fauzia, wewe hukumpata, na hawa wawili wamemsahau kwa kumfanya mtakatifu. Mama yenu alikuwa mtu wa mzaha, hakuwa na subira, alikuwa akinuna kwa jambo dogo na kusahau kabla sijamaliza kuomba radhi. Na picha hakupenda kupigwa, alisema picha zinamfanya awe pua tupu. Kwa hivyo hatuna picha yake hata moja, wala ya arusi. Fauzia hajui uso wa mama yake. Nimekuona, mama, ukiwa msichana mdogo, umesimama na kioo cha kunyolea changu mkononi, ukijitazama ukitafuta upi ni wake.

Nilikuwapo siku ile. Nilishikishwa ubao mweupe wa kurudisha mwanga, nikasimama pembeni mwa kitanda. Shuka walilomfunika, ambalo mmekuwa mkiliita sanda hadi leo, lilikuwa shuka la kitanda la hoteli. Lina pindo la buluu. Walimpangia mito ubavuni tumbo lisijulikane, kamera ikakaa upande wa miguu, mtoto akasimama mbele akitakiwa alie, na mama yenu nyuma yake akaambiwa azuie pumzi. Mtoto akashindwa kulia. Wakarudia. Akashindwa. Wakarudia tena na tena hadi jasho likamtoka maiti, wakampangusa, akawa anawaambia niamsheni mkimaliza. Hatimaye yule mtoto sijui alikumbuka nini kwao, akaanza kulia kilio cha kweli, kilio cha kukata maini. Na wakati huo huo, nyuma yake, shuka likainuka. Likacheza. Mwongozaji aliona, nilimwona akiona. Lakini yale machozi hangeyapata tena, kwa hivyo akaiacha picha iende.

Dirishani kulikuwa kumejaa watu. Nao waliona. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imezagaa kwamba Mbodze amevishwa sanda na maiti amecheza ndani ya sanda, na kabla ya wiki kwisha habari imefika kwao Taru. Jioni ile mama yenu aliniambia kilichotokea, alikuwa anacheka hadi akakaa chini. Sitawaambia sasa. Hiyo ndiyo sehemu ya mwisho, na mnanijua.

Garama alikuja kumchukua. Alikuwa amekonda kwa hofu, maana Mbodze alikuwa dada yake wa pekee, ndiye aliyemlea mgongoni. Akasema yaliyofanyika yamefungua mlango na lazima ufungwe, mama na mimba wakaoshwe nyumbani, Taru, na mzee anayejua kazi hiyo, la sivyo wakati wa kuzaa utakuwa wakati wa kuzikwa. Nikakataa. Mama yangu, Mungu amrehemu, akaungana na Garama. Majirani wakaungana na Garama. Na mama yenu aliyekuwa akicheka, naye akaacha kucheka, kwa sababu mtu akiambiwa na kila anayempenda kwamba atakufa, ataogopa. Akasema nitaenda, siku chache tu, wanyamaze. Siku za kuzaa bado kidogo, alisema, nitarudi kuzalia hapa, hospitali ni hapo tu. Nikampandisha garini kwa mikono yangu.

Mwosha akasema wasubiri mwezi uandame. Walipokuwa wakisubiri mwezi, uchungu ukaja kabla ya siku zake. Alfani, ulikuwa kule, ulikuwa mdogo, walikutoa nje pamoja na mbuzi. Kwa hivyo wewe unachokijua ni kwamba mama aliingia ndani akiwa mzima na akatolewa ndani ya shuka jeupe, kama kwenye filamu, na ukakata shauri kwamba filamu ndiyo iliyomwua. Sikuwahi kukulaumu. Lakini nisikize. Mama yenu alimzaa Fauzia salama, kisha akatokwa damu na damu ikakataa kusimama. Hakuna jini pale. Ni damu, jambo ambalo huwatokea wanawake, na penye daktari na sindano na chupa ya damu wengi wao hupona, na Taru ile ya wakati ule hayo yote yalikuwa mbali, na mbali kulikuwa hakufikiki. Garama alikimbia hadi barabara kuu ya Nairobi, jua la mchana, akavua shati akalipunga katikati ya lami, malori yakampita yakimpigia honi. Alisimama mbele ya magurudumu akitaka lolote limkanyage au limchukue. Liliposimama moja, la saruji, wakampakia mama yenu juu ya mifuko. Hakufika popote. Garama akaligeuza lori, akarudi nalo Taru, na kifuani ameshika mtoto amemfunga kwa lile shati. Shati hilo ndilo nguo yako ya kwanza, Fauzia.

Huyo ndiye mtu niliyemnunia maisha yangu yote, na yeye akaninunia mimi. Yeye anasema filamu yangu ilimwua dada yake. Mimi ninasema hofu yake ilimtoa mke wangu kando ya hospitali. Watu wa filamu waliponiletea kanda, mwaka wa pili, alikuja akaitia moto hapo uani, kabla hata sijaitazama, na Alfani amemshika mkono. Nikawaacha. Ningefanya nini, ningemng'oa mtoto mikononi mwa mjomba wake mbele ya watu? Lakini sikizeni vizuri sasa, na wewe Garama huko nje sikiza. Adui hakuwapo. Tumekaa miaka yote hii tukimsubiri adui atokee, mimi nikidhani ni wewe na wewe ukidhani ni mimi. Nakusamehe, shemeji yangu. Nisamehe na wewe, si kwa filamu, kwa maana filamu haina kosa, bali kwa kuwa tulimlilia mtu mmoja na hatukuwahi kulia pamoja.

Na sasa mnataka kulifunga daraja tena. Yule yule, njia ile ile, Taru ile ile, na safari hii ni binti wa Mbodze.

Fauzia. Nimekuita mwana wangu wa mwisho, lakini watu wa hapa walikuita mtoto wa sanda, na wewe ukaliamini jina hilo, ukakua nalo, ukaolewa umechelewa kwa sababu yake, na tangu ulipojua una mimba hulali. Mumeo ameniambia. Sista Beryl wa kliniki amekwambia kila ulipokwenda kwamba damu yako ni chache, na kwa vile mama yako alivyokufa wewe usithubutu kujifungulia nyumbani, uwe karibu na hospitali tangu wiki za mwisho. Umemwitikia ndiyo sista, kisha umefunga begi uende Taru. Si kwa kuwa hujasoma. Ni kwa kuwa unaamini umetoka ndani ya sanda na ndani ya sanda utarudi. Naomba... ngoja. Ngoja kidogo.

Esha, fungua mtungi zaidi. Fungua hadi mwisho. Najua utakwisha mapema. Acha uishe.

Ile filamu ipo. Kanda iliungua, lakini mtu fulani, simjui, Mungu amlipe, aliitia mtandaoni. Niliipata nikiwa nimelala hapa natafuta vitu vya zamani kwenye simu. Picha ni mbaya, rangi zimekufa, sauti inakwaruza. Kama filamu, siipendi, niseme kweli, hadithi imelegea na muziki ni mwingi. Ni filamu mbaya kuliko zote ninazowausia, nami ninawausia muitazame kuliko zote. Uso wa mama yenu umo. Kabla hawajamfunika anaonekana, kidogo, kutoka ubavuni, na pua yake ile aliyoionea haya, na pua hiyo ni yako, Fauzia. Idi iliyopita nilikuwekea simu mkononi, ukafunika uso kwa mtandio, ukatoka nje. Sikukwambia zaidi. Nilitaka uone kwanza, kwa sababu mtu akiambiwa kabla, huona alichoambiwa. Nikasema atarudi, nitamwonyesha siku nyingine. Sasa siku nyingine hazipo.

Kwa hivyo leo ninavunja sheria yangu. Mwisho wa filamu hii nitausema. Lakini kwanza maagizo, pumzi ikinikatika yawe yamesemwa.

Nizikeni hapa Gazi, upesi, bila kumsubiri mtu. Msinipeleke Taru nikalale na mama yenu, ingawa moyo wangu uko huko. Katika nyumba hii safari za Taru kwa ajili ya mauti zimetosha. Nendeni mkamzuru, mkapalilie kaburi lake, mkachinje mbuzi kwa Garama mkila na kucheka. Fauzia aende baada ya kuzaa, na mtoto mgongoni, amwonyeshe bibi yake. Kabla ya kuzaa haendi. Hilo begi lifungueni leo mbele yangu. Alfani, ndugu yako ataanza uchungu ukiwa wewe ndiye mwenye gari, na wewe ndiye utakayempeleka hospitali, usingoje ruhusa ya mtu, usingoje mwezi. Niahidi. Sikusikii, baba. Itikia kwa mdomo.

Alhamdulillahi.

Kanda zangu msizitupe. Banda... lile banda limeshakuwa duka la simu, basi. Mkipata mjukuu mmoja tu anayetazama watu wa nyuma... huyo mpeni sanduku.

Simu iko chini ya mto. Nimeisimamisha pale pale. Esha, mpe... mpe Fauzia. Shika, mama. Usifunike uso. Nitakushika mkono, angalia, mkono wangu ni baridi lakini bado ni wa baba yako.

Jioni ile... mama yenu alikaa sakafuni anacheka. Nikamwambia, Mbodze, umewaharibia, umepumua. Akasema wallahi sikupumua. Nilizuia pumzi... hadi nikaona nyota. Si mimi.

Alfani, funga dirisha. Mwanga unapiga kwenye kioo, dada yako hataona. Funga, baba... ndiyo. Lakini mwite kwanza mjomba wako. Garama, ingia. Ingia, ndugu yangu, kaa hapa miguuni pangu, nawe hujaiona. Uliichoma... bila kuiona.

Mwenyezi Mungu awahifadhi. Awape... awape umri na uzazi mwema, na kucheka. Nimekuwieni radhi nyote, duniani na akhera. Nami... niwieni.

Bonyeza, Fauzia. Yule mtoto analia mbele... mwacheni, atalia vizuri. Tazameni nyuma yake. Kitandani. Ile pua... umeiona? Sasa shuka. Pindo la buluu... tazama hapo, tumboni. Linainuka. Mama yako ametulia kabisa... ni wewe. Ni wewe, mwanangu, unampiga teke.

Rudisha nyuma... niitazame tena.